Mkono wa Bo-rim

Kambi ya mlimani, Gangwon
Jumapili, 12 Septemba 2004

Mi-ran wangu,

Wiki mbili sijapata barua yako. Wiki mbili! Hata Cho, ambaye mchumba wake anajulikana kambi nzima kwa uvivu, jana kapata mbili kwa mpigo, akazisoma kwa sauti ili mimi nisikie. Najua Sikukuu ya Mavuno imekaribia na Jeonju nzima inataka keki za mchele za duka la mama yako. Lakini kalamu haina uzito wa gunia, au siku hizi inao? Simu nayo usiitegemee. Iko bondeni, zamu yangu ni mara moja kwa mwezi, na nyuma yangu wanasimama watu ishirini wanasikiliza kila neno.

Huku hakuna jipya ila wazimu, na wazimu wenyewe unaitwa Onja Kidogo Tu. Tamthilia hiyo huonyeshwa Jumatano na Alhamisi wakati sisi tumeshazimiwa taa, kwa hiyo tunasubiri marudio ya Jumapili mchana. Leo ndiyo mara ya kwanza. Hakuna aliyecheza mpira, hakuna aliyefua. Askari arobaini tumekaa sakafuni kama watoto wa chekechea, na mbele kabisa amelala Sajenti Tak na rimoti kifuani. Huyo amebakiza miezi miwili amalize jeshi, kazi yake sasa ni kutazama televisheni na kutuonea.

Hadithi yenyewe upuuzi mtupu. Mkurugenzi Baek, tajiri wa kampuni ya vyakula, haonji ladha ya kitu chochote tangu utotoni. Binti maskini, Bo-rim, anauza keki za mchele. Siku moja anamsukumia kipande mdomoni ili anyamaze, na bwana mkubwa akaonja utamu kwa mara ya kwanza. Basi, kwisha habari yake! Akipika mwingine haonji, mpaka iwe mikono ya Bo-rim. Sasa wanajifanya wachumba kwa mkataba, wanaangukiana kwenye unga, na pembeni kuna daktari mpole anayempenda Bo-rim kimyakimya. Sajenti Tak yuko upande wa daktari. Leo alilia, Mi-ran. Alisema ni vumbi. Na huyo Ryu Ha-gyom anayeigiza Mkurugenzi, sijui watu wanaona nini kwake. Kidevu tu.

Ukucha wako vipi? Wangu uko salama ndani ya buti. Sijui nilikuwa na akili gani Julai ile nilipokuja likizo, nikakubali unipake rangi ya maua ya bongsunga kidole kidogo cha mguu, ati ya kwako ya mkononi isikae peke yake. Kila nikienda kuoga nageukia ukutani wasinione. Lakini mama yako alisema rangi ikidumu mpaka theluji ya kwanza, penzi la kwanza haliondoki. Nami nimeshikilia hapo. Usikate kucha.

Gi-tae


Jeonju
Jumamosi, 18 Septemba 2004

Gi-tae,

Punguza munkari kwanza, ukae chini. Umekaa? Hiyo Onja Kidogo Tu unayoiita upuuzi inapigwa picha dukani kwetu! Lile jiko la Bo-rim ni jiko letu la uani. Wamelipaka rangi ya buluu na kubandika maua ya bandia kila pembe, ndiyo maana hukulitambua, lakini yule paka mnene anayepita nyuma ya masufuria ni wetu. Walikuja mwisho wa Agosti, magari saba, na tangu siku hiyo sijakaa. Keki zote unazoziona napika mimi.

Na kazi yao, jamani, sijapata kuona. Sehemu ya Alhamisi wanaimaliza Alhamisi hiyo hiyo. Mwandishi ni mama mmoja wa miwani, amejifungia nyumba ya wageni. Akiandika kurasa mbili anazituma kwa faksi kwenye duka la madaftari la jirani, zinakimbizwa zikiwa bado za moto, waigizaji wanazikariri huku wanapakwa poda. Watazamaji wakilalamika kwenye mtandao kwamba daktari haonekani vya kutosha, kesho yake daktari huyo mlangoni. Hakuna anayejua hadithi inakwenda wapi, hata mwandishi.

Ryu Ha-gyom usimseme kidevu, ana adabu zake. Siku ya kwanza alimwinamia mama mpaka kofia ikaanguka. Jana Ha-gyom alimbebea gunia la mchele. Mama anasema Ha-gyom amekonda, anamfichia keki za ufuta. Ha-gyom hapendi ufuta, lakini anazila asimvunje moyo. Kila Ha-gyom akikosea maneno anajipiga bakuli kichwani, tunacheka sote mpaka mwongozaji. Na ukimwona Ha-gyom asubuhi nywele zimesimama, huwezi kuamini ndiye huyo huyo.

Kuna jambo jingine, kubwa kidogo, ila nimeapishwa nisimwambie mtu mpaka tamthilia iishe. Nitakueleza baadaye. Usinichimbe.

Ukucha upo. Mama ananifuata na mkasi kila siku, anasema mpishi hafugi kucha. Namkimbia.

Mi-ran


Kambi ya mlimani
Alhamisi, 23 Septemba 2004

Mi-ran,

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya tano nikashika kalamu, nikahesabu. Ryu Ha-gyom umemtaja mara sita. Mimi mara moja, hapo juu kwenye salamu, tena kwa kuambiwa nipunguze munkari. Hata paka kapata sentensi yake nzima.

Asubuhi nywele zimesimama! Asubuhi saa ngapi? Wewe na nywele za huyo bwana mnakutana wapi asubuhi?

Nikafanya kosa la kumwambia Cho kwamba jiko ni lenu. Kabla ya chakula cha mchana kambi nzima inajua. Sasa nimekuwa mtu mkubwa. Sajenti Tak amenifutia zamu ya kusugua vyoo, kwa sharti kwamba uniambie Bo-rim atamchagua nani, Mkurugenzi au daktari. Nimemweleza kwamba hata mwandishi hajui, akasema, "We Eom, mpenzi wako anakula na mwandishi chungu kimoja, usinifanye mtoto." Wengine wananiita mume wa tamthilia. Cho kila akinipita ananiuliza kama kile kiatu cha mpira bado kinaelekea mbele. Huku msichana anayemsubiri askari ndivyo anavyoitwa, kiatu cha mpira, na akichoka kusubiri wanasema amekivaa kinyumenyume. Nacheka nao. Ndani naungua.

Sikufichi, Mi-ran, nina wivu. Mimi huku nimenyolewa kipara, pua imebabuka, nanuka mafuta ya bunduki. Yeye ana watu watatu wa kumchana nywele. Akibeba gunia moja mama yako anamfichia keki. Mimi nimebeba magunia dukani kwenu tangu kidato cha pili na sijawahi kufichiwa hata chembe ya ufuta!

Na hilo jambo kubwa kidogo ni lipi? Nani kakuapisha? Ulisema nisichimbe. Nachimba.

Gi-tae


Jeonju
Jumatano, 29 Septemba 2004

Wee Gi-tae,

Yaani una wivu na mtu wa kwenye kioo! Nimecheka mpaka nikamwaga unga. Wapigapicha wanafika saa kumi na moja alfajiri, mimi nawasha moto tangu saa kumi, na nywele za wote naziona zimesimama, pamoja na za dereva wa jenereta ambaye ana miaka sitini. Nikutajie na yeye, umhesabu?

Sikukuu imepita jana. Nimekunja keki za nusu mwezi elfu tatu, mgongo si wangu. Nimekutumia pakiti, za ufuta na asali, zimelazwa juu ya majani ya msonobari. Hizo ndizo ulizofichiwa. Ule wewe, usigawe.

Sasa tulia. Huyo mtu anaishi Seoul, ana gari lenye pazia, jina langu analikosea mpaka leo. Ila mikono yake ni ya moto, hilo nakubali. Wananiita, maji yamechemka.

Mi-ran


Kambi ya mlimani
Jumapili, 10 Oktoba 2004

Ban Mi-ran,

Ulisema mikono yake ni ya moto. Siku tano nimekaa najiuliza ulijuaje. Leo nimejua.

Sehemu ya kumi. Mvua inanyesha, Mkurugenzi anaingia jikoni amelowa, Bo-rim amesimama nyuma ya meza. Anamshika mkono. Kamera ikasogea, ikasogea, mpaka televisheni nzima ikawa mkono mtupu. Watu arobaini wakasema "Oooh!" Mimi nikasimama. Sajenti akanifokea nikae chini, namziba.

Kidole kidogo kimepinda kwa ndani. Mimi ndiye niliyekufungulia mlango wa basi la shule ulipokibana, mimi ndiye niliyekukimbiza zahanati, wewe unalia mimi nalia zaidi. Unadhani naweza kukikosea? Ule mkono ni wako. Nikahesabu. Sekunde kumi na moja alizokushika, na kidole gumba chake kinakupapasa hapa juu ya kifundo, taratibu, kama mtu mwenye haki nao.

Na ukucha ulikuwa mweupe. Nilitazama huo kuliko kitu kingine chochote. Hauna rangi, Mi-ran. Umeshaufuta. Mimi huku najibanza bafuni kulinda kidole cha mguu kama mwendawazimu, wewe umeshajisafisha ili upendeze kwenye kiganja cha mwanamume mwingine.

Ndilo hilo jambo lako kubwa kidogo? Kumbe nilikuwa namcheka Mkurugenzi Baek kwa kutoonja kitu. Leo nimekula chakula cha mchana na sijui kilikuwa nini.

Kama umeshakivaa kinyumenyume, sema. Niandikie. Usiniache nijulie kwenye televisheni, nimekaa na watu arobaini wanaoshangilia.

Eom Gi-tae


Kambi ya mlimani
Jumapili, 17 Oktoba 2004

Shemeji Mi-ran,

Hunijui. Mimi ni Sajenti Tak Du-sik, mkubwa wa Eom. Anwani yako nimeitoa juu ya bahasha zake. Hajui kama nakuandikia, na akija kujua nitasema ni amri kutoka juu.

Pakiti ya keki imefika. Amewagawia wote, yeye hakuonja hata moja. Nilikula kumi na mbili. Pole, lakini zilikuwa tamu mno.

Shemeji, mtu wako hayuko sawa. Jumapili iliyopita, wakati wa kile kipande cha mkono, aliinuka katikati ya picha, nikamfokea. Baadaye nikamkuta anafua soksi ambazo ni safi. Leo amekataa kutazama kabisa. Amekaa nje, mgongo ukutani, chini ya dirisha, na kila baada ya dakika tano anamuuliza Cho, "Amemshika tena?" Hasemi kuna nini. Nimemuuliza kama mkubwa wake, kisha nimemuuliza kama binadamu. Mara zote mbili ameniambia, "Hakuna kitu, afande."

Mimi mchumba wangu aliniandikia barua ya mistari mitatu, mwaka jana, mwezi wa Mei. Ndiyo maana niko upande wa daktari: anasubiri, anapika uji, hapewi. Watu wananicheka, sajenti mzima kulilia tamthilia. Lakini nikiitazama najua kwamba kwa saa moja hakutaharibika kitu ambacho hakitengenezeki. Mtu anaanguka kwenye unga, anapanguswa, wanacheka. Hakuna anayepelekwa mlimani miaka miwili. Nikizima televisheni, uhakika huo sina.

Kwa hiyo kama una la kumwambia, zuri au baya, mwambie refu. Mistari mitatu haitoshi, nakuapia. Mtu anaisoma mpaka inachanika na bado hajaelewa.

La mwisho. Je, daktari atapata hata busu moja kabla haijaisha? Nijibu kijeshi: ndiyo au hapana.

Sajenti Tak Du-sik


Jeonju
Alhamisi, 21 Oktoba 2004

Gi-tae,

Nimekasirika siku tano kamili. Umeweza kukijua kidole changu kilichopinda, ukashindwa kunijua mimi? "Ban Mi-ran," ati, kama karani wa manispaa! Nilitaka nisikujibu kabisa. Nimebadili mawazo, usiniulize kwa nini, na leo nitaandika refu.

Navunja kiapo. Bi Chae, anayeigiza Bo-rim, aliungua na mvuke wiki ile ya kwanza, mikono yote miwili. Sasa tamthilia yenyewe ni ya mikono, wafanyeje? Mwongozaji akaangaza macho jikoni, akaiona yangu. Tangu sehemu ya tatu kila mkono unaouona kwa karibu ni wangu. Unaokanda, unaokata, unaomlisha Mkurugenzi, wote ni mimi. Watu wa Bi Chae hawataki ijulikane, ndiyo maana waliniapisha.

Ukucha sasa. Bo-rim hana rangi ya bongsunga, kwa hiyo dada wa mapambo hunipaka rangi ya ngozi juu yake asubuhi, jioni anaifuta kwa pamba. Ya kwetu iko chini yake pale pale. Haitoki hata ukiisugua, imeshaingia ndani. Ungeuliza ningekuambia. Hukuuliza, ulihukumu.

Na lile ambalo hukutaka kulisikia nitakuambia vilevile. Mkono wake ulikuwa wa moto na nilifurahi. Moyo ulinidunda mpaka nikaogopa utasikika kwenye vipaza sauti. Tangu Machi ulipoingia jeshini hakuna aliyenishika mkono ila wewe, siku nne za Julai. Mimi si jiwe, Gi-tae. Nikikwambia sikusikia kitu nitakuwa nakudanganya, na hapo ndipo ungekuwa na haki ya kununa.

Lakini kuna kilichokuwa nje ya picha, ambacho hukukiona. Mimi nilikuwa nimepiga magoti chini ya meza, kichwa kimefunikwa kitambaa cheusi, mkono tu umepenyezwa mbele ya Bi Chae. Ha-gyom aliushika mkono wangu huku akimtazama Bi Chae usoni. Akasema yale maneno kwamba mikono hii imemrudishia dunia, machozi yakamlenga, na yote yakapita juu ya kichwa changu kwenda kwa mwenzangu. Walipomaliza wakampigia Bi Chae makofi. Nikatoka chini ya meza magoti yamejaa unga, hakuna aliyenitazama. Wewe unamwonea wivu Ha-gyom? Mimi nilimwonea Bi Chae gere. Ana uso. Mimi nina mikono tu, na hata hiyo wanaiita yake. Shangazi yangu wa Iksan alinipigia simu kunisifia mikono ya mtoto wa watu, akaniambia nijifunze kwake!

Kisha ikaja barua yako. Nilipomaliza kukutukana moyoni nikaisoma tena. Nchi nzima iliuona mkono ule ikasema ni wa Bi Chae. Mtu mmoja tu, juu ya mlima, nyuma ya vichwa vya watu, alisema ni wa Mi-ran. Nikalia kwa hasira na kwa hilo lingine pia, sikujua lipi ni lipi.

Nimeelewa kwa nini watu wanaipenda Onja Kidogo Tu. Mle ndani mtu akimwelewa mwenzake vibaya, anaeleweshwa kabla ya tangazo la sabuni. Sisi ni siku nne kwenda na siku nne kurudi.

Rangi ya ukucha wangu imebaki uzi tu, hapa kwenye ncha. Theluji ya Jeonju haiji mpaka mwisho wa Novemba, rangi haitafika. Ya huko kwenu huwahi. Ukiiona, itazame na kwa ajili yangu, uniandikie siku hiyo hiyo. Kama bado unataka.

Na kuna mtu kambini kwenu atakuuliza jambo. Mwambie: hapana, pole.

Mi-ran


Jeonju
Alhamisi, 28 Oktoba 2004, saa tisa mchana

Gi-tae,

Hujanijibu. Naandika hivyo hivyo, nimekaa juu ya ndoo, nina dakika kumi.

Sehemu ya mwisho inaonyeshwa leo na kipande cha mwisho hakijapigwa. Kurasa zimefika saa saba: Mkurugenzi anamvisha Bo-rim pete. Kidole kwa karibu, yaani changu. Nikasema sivai. Mwongozaji alidhani natania. Akasema ni sekunde tano tu. Nikasema hata moja. Akapiga teke sufuria. Alikuwa ameniahidi kunipeleka Seoul mwezi ujao, matangazo ya sabuni ya vyombo, mikono yangu na jina langu juu ya karatasi. Akasema safari hiyo niisahau. Nimeisahau.

Wakaenda kumwita mwandishi. Amekuja kwa miguu, na kandambili, anafinya macho kwa jua kama hajaliona tangu Agosti. Akaniuliza polepole kwa nini. Nikamwambia kuna mtu, sijui kama bado yupo kwa sababu hajajibu barua yangu, lakini pete ya kwanza ya kidole changu haitakuwa ya kuazima duka la vito. Nikamsimulia ya maua. Akaomba nimwonyeshe.

Alikitazama kile kidole kidogo muda mrefu. Kisha akamwambia dada wa mapambo, "Lete pamba." Sasa hivi amekaa juu ya gunia la mchele anaandika, hataki mtu amsogelee. Sijui anaandika nini. Wananiita.

Mi-ran


Kambi ya mlimani
Jumapili, 31 Oktoba 2004

Mi-ran wangu,

Barua yako ya tarehe ishirini na moja ninayo mfukoni. Majibu nimeyaanza mara sita. Kila nikifika pale pa "nilifurahi" nachana karatasi. Sikuwa nakukomoa. Nilikuwa natafuta namna ya kuandika kwamba nimekuelewa bila kudanganya kwamba hainiumi. Inaniuma. Nimekuelewa. Bora niseme yote mawili niishie hapo.

Leo nilirudi kukaa na wenzangu. Sehemu ya mwisho. Mkurugenzi Baek kapiga goti jikoni kwenu, pete mkononi, watu arobaini hata kukohoa hakuna. Bo-rim akaficha mikono nyuma. Akamwambia, "Ngoja." Halafu akanyoosha kidole kimoja, kile kidogo.

Kamera ikasogea mpaka televisheni nzima ikawa kidole chako. Kimepinda vile vile. Na pale kwenye ncha ya ukucha, uzi mwekundu.

Bo-rim akasema, "Rangi hii ikiikuta theluji ya kwanza, nitaivaa. Kabla ya hapo weka mfukoni." Mkurugenzi Baek akatazama juu, hakuna wingu hata moja, akatoka mbio barabarani na suti yake kuitafuta theluji, na paka wenu akamfuata. Mwisho. Basi!

Kelele zilizotoka humu ndani ungezisikia huko Jeonju. Pete iko wapi? Harusi iko wapi? Cho alitupa kofia. Sajenti Tak alisema ni mwisho mzuri kuliko yote aliyowahi kuona, kwa sababu daktari hakuhudhuria kuumizwa. Nilikuwa nimeshampa lile jibu lako la hapana, akalipokea kiume, akaenda kulala mchana kutwa.

Na mimi, unajua kilichonijia kwanza kilikuwa nini? Wivu! Ile ni yetu, Mi-ran, mimi na wewe na mama yako, tuliponda maua kwenye kinu cha pilipili. Sasa nchi nzima inaijua, na kiangazi kijacho kila msichana atajipaka aseme kaiga kwa Bo-rim. Hata Cho keshasema atamwandikia wake. Na huyo Ha-gyom safari hii hakumtazama Bi Chae. Niliangalia vizuri. Alikitazama kidole chako, akakaa nacho kidogo. Nilitaka kumng'oa macho. Nikafurahi pia kwamba kuna mtu amekutazama. Sijui unaniroga na nini.

Kwa nini hapakuwa na pete sijui. Nina ninachokidhani, na nasubiri barua yako ikiseme.

Baada ya hapo tukaenda kuoga. Mawazo yako mbali, nikasahau kugeukia ukutani. Sajenti Tak amekaa mkabala wangu anajisugua shingo, ghafla akaacha kusugua. Akautazama mguu wangu. Ukucha wa mguu hukua polepole, Mi-ran, wangu bado umejaa rangi nusu nzima. Akanitazama usoni. Akatazama tena mguu.

"Eom," akasema. "Ule mkono."

"Ndiyo, afande."

"Tangu lini?"

"Tangu sehemu ya tatu, afande."

Nikangoja kicheko. Nikangoja awaite wote waje waone. Hakufanya hivyo. Aligeukia kile kidirisha cha juu, akakifuta mvuke kwa kiganja.

"Vaa soksi utoke," akasema. "Imeanza."

Nilitoka na soksi moja. Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini. Chembe nyembamba, zinayeyuka kabla hazijagusa chini, lakini ni theluji, Cho shahidi, Sajenti shahidi. Niliitazama kwa ajili yangu. Halafu nikaitazama tena, kwa ajili yako.

Kata kucha sasa, mama yako apumzike. Rangi imefika.

Gi-tae